Kuseti kabureta ya Land Rover 109: skrubu ya mchanganyiko huguswa mwisho

Fungua boneti ya gari lenye kabureta mbele ya wanaume watatu, na wawili watanyoosha mkono kwenye skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli kabla injini haijapata joto. Ni skrubu ndogo yenye springi, bisibisi inakaa vizuri, na ukiizungusha kidogo tu mlio unabadilika hapo hapo, kwa hiyo unajiona fundi. Ndiyo sababu magari mengi ya zamani yanakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi: kila aliyepita aliizungusha skrubu hiyo kuficha ubovu uliokuwa mahali pengine.

Gari langu ni Land Rover 109 Series III ya petroli, silinda nne, cc 2,286, kabureta aina ya Zenith 36 IV. Nilipolinunua hapa Arusha lilikuwa likitoa moshi mweusi na harufu ya petroli iliyonifuata hadi sebuleni. Gereji moja waliliseti mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara kwa dakika tano, kila mara kwa hela yangu. Mara ya nne nikamfuata mzee mmoja aliyekwisha kustaafu ufundi. Hata bisibisi hakushika.

"Kijana, tapeti zimepimwa lini?"

"Sijui, mzee."

"Platini je?"

"Sijui."

"Basi hata mimi sijui kabureta yako ina nini. Niletee kesho asubuhi, injini ikiwa ya baridi."

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio alionifundisha siku ile, pamoja na niliyojionea mwenyewe baadaye. Vipimo ni vya injini hiyo ya Land Rover. Ukiwa na Corolla KE70, Datsun 1200 au Peugeot 504, mpangilio wa kazi ni ule ule; vipimo chukua vya gari lako.

Skrubu inatawala nini

Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Injini inayovuta mzigo mlimani hutaka mafuta zaidi, kama 12.5 au 13 kwa moja; ikitembea tambarare taratibu hustahimili hata 15 au 16. Mafuta yakizidi tunasema mchanganyiko ni mzito, yakipungua ni mwepesi.

Kabureta haina njia moja ya mafuta. Zenith ina njia ya sailensi, yaani pale injini inaponguruma bila mguu wako. Ina jeti kuu (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu linalopima mafuta), inayolisha gari likiwa kwenye mwendo. Ina pampu ndogo inayorusha mafuta ukikanyaga ghafla. Na ina jeti ya ziada inayofunguka injini ikibanwa na mzigo. Skrubu ya mchanganyiko inatawala ile njia ya kwanza peke yake. Ukishavuka sailensi na kipepeo, lile bamba linalofunguka ukikanyaga mafuta, kikafunguka vya kutosha, skrubu hiyo karibu haina la kusema. Kwa hiyo mtu anayekwambia amekuongezea nguvu ya mlimani kwa kuzungusha skrubu ya sailensi, msikilize kwa heshima, kisha ondoka na gari lako.

Kwenye Zenith, kufunga skrubu kwa kufuata saa hupunguza mafuta, kufungua huongeza. Si kila kabureta iko hivyo. Kwenye baadhi ya pikipiki skrubu iko upande wa chujio la hewa na inapima hewa, si mafuta, kwa hiyo kuifunga kunafanya mchanganyiko uwe mzito. Na kabureta za SU hazina skrubu ya namna hii kabisa; pale unapandisha na kushusha jeti yenyewe kwa nati iliyo chini, na jeti hiyo moja inatumika kwenye sailensi na kwenye mwendo pia. Ukiwa na SU, nusu ya mwongozo huu bado inakuhusu, lakini usiende ukatafute skrubu ambayo haipo.

Siku ya kwanza: usiguse kabureta

Anza na tapeti, yaani mwanya ulio juu ya kila vali. Injini hii inapimwa 0.25 mm vali zote, za kuingiza na za kutoa, iwe ya moto au ya baridi. Toa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi, kisha uizungushe kwa hendeli ya mbele. Hapa ndipo utafurahi kuwa Land Rover bado ina hendeli. Vali zihesabu kuanzia mbele, 1 hadi 8, na tumia kanuni ya tisa: vali iliyokandamizwa hadi mwisho, toa namba yake kwenye tisa, jibu ndiyo vali ya kupima. Namba 8 ikiwa chini kabisa, pima namba 1. Ikiwa ni 6, pima 3. Ikiwa ni 4, pima 5. Filageji, kile kibamba chembamba cha kupimia mwanya, ipite ikisugua kidogo, isilegee na isikwame. Ukishakaza nati pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huwa inaivuta skrubu kidogo.

Tapeti iliyobana humfanya mtu aamini kabureta ni mbovu. Vali haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, silinda moja inadunda, sailensi inayumba, na skrubu ya mchanganyiko inazungushwa kuizima kelele hiyo.

Halafu moto wa umeme. Platini, zile ncha mbili ndani ya distribyuta zinazokata na kuunga umeme, ziache mwanya wa 0.35 hadi 0.40 mm pale kisigino kinapokuwa juu kabisa ya kemu. Zikiwa zimeungua na kutengeneza kijilima upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha pamoja na kondensa. Plagi ziwe na mwanya wa 0.75 hadi 0.80 mm. Mfuniko wa distribyuta uangalie ndani kwa tochi, tafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ni mpasuko unaopitisha umeme. Taiming, yaani wakati cheche inaporuka, inategemea kama injini yako ni ya mgandamizo wa 7 kwa 1 au 8 kwa 1, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Kisha chomoa mpira mwembamba unaotoka kabureta kwenda kwenye distribyuta na uufyonze kwa mdomo: bamba la ndani lisogee, na ukiziba kwa ulimi lisirudi. Likirudi, kiwambo kimepasuka, na hiyo ni njia ya hewa kuingia kinyemela.

Chujio la hewa la Land Rover hizi ni la bakuli la oili. Vumbi la kwetu linalijaza tope mapema kuliko kitabu kinavyodhani. Lioshe, weka oili hadi alama, usizidishe. Oili ikizidi, injini inabanwa pumzi, na utaona moshi utakaokupeleka moja kwa moja kwenye kabureta isiyo na hatia.

Hewa isiyoalikwa

Hewa yoyote inayoingia baada ya kipepeo cha kabureta haikupimiwa mafuta. Inaingilia gasketi ya manifodi (bomba linalogawa mchanganyiko kwenye silinda), kitako cha kabureta, mpira wa servo ya breki kwa gari lililo nayo, au mhimili wa kipepeo uliolika. Huo wa mwisho ni maradhi ya uzee. Injini ikiwa imezimwa, shika mhimili kwa vidole uutikise juu na chini. Ukisikia unacheza kwa wazi, hakuna seti itakayokaa: leo sailensi itatulia, kesho itapanda yenyewe.

Kutafuta uvujaji, watu hunyunyizia petroli kwa sirinji. Usifanye hivyo. Kwenye injini hii manifodi ya kuingiza imekalia ya ekzosi, upande ule ule, na ekzosi ya moto na petroli hazihitaji mtu wa tatu. Tumia chupa ya kupulizia yenye maji. Washa injini ikiwa ya uvuguvugu tu, kabla ekzosi haijawa ya moto kiasi cha kupasuka ikiguswa na maji, kisha puliza tone dogo kwenye kila kiungo. Mlio ukibadilika, umepata. Au chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye viungo. Hewa inayoingia inapiga mluzi.

Kaza nati za manifodi kwa zamu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Nati za kitako cha kabureta kaza kwa kiasi, kwa sababu kinachofuata kimesababishwa na mikono yenye nguvu nyingi.

Ugonjwa wa Zenith

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo gari langu lilipoponea.

Zenith 36 IV ina mfuniko wa juu, na chini yake kumefungwa bloku yenye jeti na njia nyembamba za mafuta. Kati ya bloku na mwili wa kabureta kuna kipete kidogo cha mpira. Miaka mingi ya joto na skrubu kukazwa kupita kiasi hupinda mfuniko na bloku, kidogo sana, lakini inatosha. Kipete nacho hukauka na kubapa. Mafuta yanapata njia ya mkato: badala ya kupita kwenye jeti yaliyopimiwa, yanafyonzwa kupitia kwenye nyufa hizo na kudondoka kooni mwa kabureta. Unafunga skrubu ya mchanganyiko hadi mwisho, injini inaendelea kunguruma kwa raha zake. Nani anailisha? Nyufa.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Toa kabureta, fungua mfuniko, tenganisha bloku, toa jeti na uzipange juu ya karatasi uliyoandika kila moja ilikotoka. Tandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene, au kipande cha marumaru ya sakafu, tia maji kidogo, usugue uso wa bloku kwa mwendo wa duara. Baada ya sekunde chache tazama: palipong'aa ndipo palipo juu, palipobaki na weusi ni bonde. Endelea hadi uso wote ung'ae sawa, malizia kwa namba 600. Fanya vivyo hivyo kwa uso wa mfuniko. Osha kila kitu kwa petroli safi, puliza njia zote kwa kompresa, weka kipete kipya na gasketi mpya. Unapofunga, kaza skrubu kwa zamu na kwa vidole vitatu, si kwa kiganja kizima.

Angalia pia kile kiwambo kidogo kinachotawala jeti ya ziada. Kikipasuka, gari linakula mafuta ya mlimani hata likiwa tambarare.

Jeti usizichokoe kwa waya. Shaba ni laini, na jeti yenye namba 125 ina tundu la milimita 1.25. Kwaruzo usilolihisi kwa kidole linatosha kubadilisha kipimo. Tumia upepo, pakiziba kwa gundi ya petroli iliyokauka, loweka usiku kucha.

Boya, linaloelea kwenye bakuli la kabureta na kufunga mafuta yakitosha, ulitikise sikioni. Likisikika lina mafuta ndani, limetoboka, na litazama na kuacha bakuli lifurike. Sindano inayofunga mafuta itazame ncha: ikiwa imechongeka mfano wa pete, badilisha pamoja na kikalio chake. Na usisahau bakuli la kioo la pampu ya mafuta. Ukikuta maji au unga mwekundu chini, tatizo linaanzia tangini.

Kuhusu petroli yenyewe: tangu EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) mwaka 2010, uchakachuaji wa mafuta ya taa si jambo la kila kituo tena. Lakini petroli ya chupa njiani bado ni kamari. Injini ikigonga mlimani na plagi zikawa na masizi kwa wakati mmoja, maliza tangi, jaza mafuta unayoyaamini, ndipo uhukumu kabureta.

Kuseti yenyewe

Sasa shika bisibisi. Egesha mahali tambarare na pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa; hewa ya ekzosi ina kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua. Weka mawe kwenye magurudumu. Hendibreki ya Land Rover hizi inashika propela shafti, si magurudumu, na ikiwa na oili haishiki kitu. Gia nyutro. Kizima moto kiwe karibu, au angalau ndoo ya mchanga. Kama umevaa shati la mikono mirefu, likunje. Feni haina adabu.

Endesha gari dakika 15 kwanza. Injini lazima iwe na joto lake la kawaida na choki imefunguka kabisa. Usitegemee kitufe cha ndani. Tazama kwa macho bamba la choki limesimama wima, na waya wake una ulegevu kidogo. Chujio la hewa liache limefungwa. Ukiseti bila chujio, ukilirudisha mchanganyiko utakuwa mzito, na kazi yote umefanyia gari lingine.

Zima injini. Tafuta skrubu mbili. Moja inasukuma mkono wa kipepeo. Hiyo ni ya kasi ya sailensi. Nyingine imeingia kwenye mwili wa kabureta upande wa chini, ina springi. Hiyo ndiyo ya mchanganyiko. Ifunge kwa kufuata saa polepole huku ukihesabu mizunguko, hadi iguse. Iguse tu. Ukiikaza, ncha yake inaingia kwenye kikalio na kujichonga pete, na kuanzia hapo haitapima vizuri tena. Andika ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi. Namba hiyo ni shahidi: kama ilikuwa minne, kuna mtu alikuwa anafidia kitu.

Ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa.

Weka kasi kati ya mizunguko 500 na 600 kwa dakika. Dashibodi ya Land Rover haina saa ya mizunguko, kwa hiyo tumia sikio: unataka uweze karibu kuhesabu mapigo, taa ya oili isipepese.

Funga skrubu ya mchanganyiko robo ya mzunguko. Ngoja sekunde kumi. Hii ngoja ndiyo wanayoiruka wengi. Manifodi ina mafuta yaliyolowa kutani, na injini hailijui badiliko lako mara moja. Funga tena kidogo, ngoja. Itafika mahali mlio unapungua na injini inaanza kukosa pigo moja moja, na gari linatetema. Huo ni mpaka wa wepesi. Kumbuka bisibisi ilipoelekea.

Sasa fungua, robo kwa robo, ukingoja vile vile. Mlio utapanda, utatulia, kisha utaanza kupanda na kushuka kwa mawimbi, mfano wa punda anayekimbia na mzigo uliolegea. Nyuma kwenye ekzosi macho yatawasha. Huo ni mpaka wa uzito.

Kati ya mipaka hiyo miwili kuna sehemu injini inapokwenda kasi zaidi na kwa utulivu. Irudishe skrubu hapo. Kwa kuwa injini sasa imepata raha, kasi itakuwa imepanda. Ishushe kwa skrubu ya kipepeo. Ukishaishusha, rudi kwenye mchanganyiko uutafute tena, kwa sababu skrubu hizi mbili zinashikana mikono. Mara tatu hutosha. Mwisho, funga mchanganyiko kidogo sana, kama sehemu moja ya nane ya mzunguko, hadi usikie kasi inataka kuanza kushuka. Iache hapo.

Mwenye geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kufyonza hewa, ana kazi rahisi zaidi. Iunge kwenye manifodi, pale panapochukuliwa na mpira wa servo kama gari lako linayo. Tafuta mahali mshale unapopanda juu kabisa na kutulia. Injini nzima usawa wa bahari huonyesha inchi 18 hadi 21 za zebaki. Huku juu usiogope ukiona ndogo: toa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, inchi 13 hadi 16 ni injini yenye afya. Najua mtu aliyeshusha silinda hedi kwa sababu geji yake haikufika 18, na anaishi Arusha. Mshale unaoruka kwa mpigo sawasawa unaonyesha vali moja ni mbovu. Unaoyumba taratibu unaonyesha mchanganyiko haujakaa sawa.

Jaribio la mwisho papo hapo: kanyaga mafuta ghafla, achia. Injini iitike bila kusita. Ikikohoa kupitia kabureta, pampu ndogo hairushi mafuta au mchanganyiko ni mwepesi. Ikitoa wingu jeusi na kusita, ni mzito.

Skrubu isipojibu

Hapa ndipo skrubu inapogeuka kuwa kipimo cha ugonjwa. Ukiifunga hadi mwisho na injini haizimi, mafuta yanapita njia nyingine: mfuniko umepinda, boya limezama, sindano haifungi. Au kipepeo kimefunguliwa mno na skrubu ya kasi, kikaacha wazi tundu la pili la mafuta. Rudisha kasi chini uanze upya.

Injini ikitaka skrubu ifunguliwe zaidi ya mizunguko mitatu ndipo itulie, njia ya sailensi imeziba au inavuta hewa mahali. Rudi kwenye chupa ya maji, kisha toa jeti ya sailensi uipulize.

Ikiwa seti inakuwa nzuri asubuhi na mbaya mchana baada ya kusimama juani, usiguse. Petroli inachemka ndani ya kabureta. Fungua boneti, ngoja robo saa.

Barabarani, kisha plagi

Sailensi ikishatulia bado hujui lolote kuhusu jeti kuu. Njia yangu ya kupimia ni mpando wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu, kwa sababu unainuka ghafla kutoka bondeni na injini haipati nafasi ya kudanganya. Mpando wowote mrefu unafaa. Funga plagi safi, panda kwa gia ya tatu mguu ukiwa karibu na sakafu kwa dakika mbili tatu, kisha mahali ambapo barabara ni tupu na kuna nafasi pembeni kanyaga klachi, zima swichi na uviringike hadi usimame. Ufunguo usiuchomoe, kwa kuwa Series III ina kufuli la usukani. Usiiache injini ingurume sailensi kabla ya kuzima. Dakika kumi za sailensi zinatosha kupaka plagi masizi na kukudanganya.

Toa plagi, tahadhari zina moto. Masizi makavu meusi kwenye zote nne ni mchanganyiko mzito. Nyeupe kama chaki, hasa zikiwa na vidoadoa vya kung'aa, ni mwepesi, na hapo usiendelee kupanda mlima. Vali na pistoni ziko hatarini. Ile rangi ya kahawia kama biskuti inayosifiwa kwenye vitabu vya zamani ni ya enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa petroli ya sasa tazamia rangi nyepesi zaidi, kijivu au kahawia hafifu, na utazame zaidi pete nyembamba ndani kabisa pale kauri inapoanzia. Plagi moja ikiwa tofauti na wenzake watatu, usiilaumu kabureta: inalisha silinda zote nne. Tafuta waya, vali, au ringi. Yenye unyevu wa oili haina uhusiano na mchanganyiko.

Chomoa pia kijiti cha oili unuse. Oili yenye harufu ya petroli imekwisha kuchanganyika; imwage kabla hujaendelea, maana inalainika na kula beringi.

Mwinuko

Hewa inapungua uzito unapopanda, lakini jeti inaendelea kumwaga karibu kile kile. Hesabu yake ni kwamba uwiano unafuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa: Arusha hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam, na mchanganyiko wa gari lililosetiwa Dar unakuwa mzito kwa asilimia 6 au 7. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, ni kama asilimia 10 au zaidi kidogo. Ndiyo maana gari la pwani likifika kule juu linachechemea na kunuka.

Sailensi unaweza kuirekebisha kwa skrubu, robo ya mzunguko hivi kwa kufunga. Kwenye mwendo, dawa ni jeti kuu ndogo zaidi. Kupunguza mafuta kwa asilimia 7 ni kupunguza kipenyo cha tundu kwa nusu ya asilimia hizo, yaani 3.5, kwa hiyo mwenye 125 anayeishi na kufanya kazi Arusha atajaribu 120 au 122, kisha apande tena mpando wake na kusoma plagi.

Lakini kama gari linateremka Tanga au Dar mara kwa mara, acha jeti ya pwani. Huku juu utapoteza petroli kidogo na kupaka ekzosi masizi. Kule chini jeti ya mlimani itaendesha injini kwa mchanganyiko mwepesi, joto kali, mwendo mrefu, na hapo vali za kutoa ndizo zinazoungua. Mimi nina zote mbili. Ile ya pili iko ndani ya kikopo cha filamu kwenye sanduku la vifaa, na kuibadilisha ni nusu saa.

Chini ya boneti yangu, upande wa ndani, nimeandika kwa rangi nyeupe: tapeti 0.25, platini 0.38, mchanganyiko 1¼, jeti 122, Arusha. Baada ya kunyoosha mfuniko gari lilihama kutoka kilometa tatu na ushei kwa lita hadi tano na nusu, ambazo kwa 109 ya petroli hazina malalamiko. Ukiuza gari, maandishi hayo yaache.